Nani Mwenye Wimbo? Sathima Bea Benjamin na Wapiga Piano Wake

Katika semina ya fasihi simulizi nilitoa mfano wa mwanamke wa Cape Town aliyeimba nyimbo za Kimarekani mjini Paris. Sikufika mbali. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu, kijana mwenye sauti na anayejua kuitumia, alisimama akasema kwamba Mwafrika anayeimba maneno ya watu kwa lugha ya watu, tena akisindikizwa na piano, ni kasuku, na kasuku hahakikiwi, hulishwa tu. Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, maana utani ulikuwa mzuri. Lakini usiku ule, ukungu wa Magamba umeshashuka mpaka madirishani na umeme umekatika, niliisikiliza tena ile albamu kwenye simu, nikaona kwamba kicheko chetu kilifunika swali ambalo hatujalijibu sawasawa katika taaluma yetu. Katika wimbo, msanii ni nani? Ni aliyetunga maneno, aliyetunga muziki, anayepiga ala au anayeimba? Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kupitia albamu moja tu, A Morning in Paris ya Sathima Bea Benjamin.

Kwanza historia, maana wengi wetu hapa hatumjui. Beatrice Benjamin alizaliwa Johannesburg mwaka 1936, akakulia Cape Town, katika jamii ambayo sheria za makaburu ziliiandika kuwa ni ya machotara. Jina la Sathima alipewa baadaye na mpiga besi Johnny Dyani. Mwaka 1959 alirekodi albamu pamoja na mpiga piano Dollar Brand, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Abdullah Ibrahim. Albamu hiyo haikutolewa. Machi 21, 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, na hali ya nchi ikazidi kuwa ngumu. Mwaka 1962 wawili hao wakaondoka kwenda Ulaya, wakafikia Zürich, Uswisi.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 Duke Ellington alifika Zürich kwa onyesho. Sathima akamwendea, akamsihi aje kwenye klabu iliyoitwa Africana kumsikiliza Dollar Brand na wenzake wawili, Johnny Gertze wa besi na Makaya Ntshoko wa ngoma. Zingatia hapa: hakwenda kujiombea mwenyewe. Ellington alifika usiku umekwenda, akasikiliza, kisha akamtaka na yule dada aimbe. Siku chache baadaye, mwezi wa Februari, wote walikuwa studio mjini Paris, kwa kuwa wakati huo Ellington alikuwa na mamlaka ya kutafuta wasanii kwa ajili ya Reprise, kampuni ya Frank Sinatra. Zikarekodiwa kazi mbili. Ile ya wanaume watatu ilitolewa, jina la Ellington likiwa limebandikwa mbele: Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio. Ile ya Sathima haikutolewa, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kanda zake zimepotea kabisa. Kumbe fundi mitambo wa siku ile, Gerhard Lehner, alikuwa ametunza nakala. Jambo hilo lilijulikana David Hajdu alipokuwa akitafiti maisha ya Billy Strayhorn kwa ajili ya kitabu. Mwaka 1997 ndipo kampuni ya Enja ikaitoa albamu hii. Miaka 34! Strayhorn alikwishafariki mwaka 1967, Ellington mwaka 1974.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nyimbo ni 12, na hakuna hata mmoja uliotungwa na mwimbaji. Upo wa Rodgers na Hart, ipo miwili ya ndugu wawili Gershwin, upo mmoja wa Frank Loesser kutoka kwenye filamu, upo Lover Man ambao kila mtu anaujua kwa sauti ya Billie Holiday, na zipo za Ellington na Strayhorn wenyewe. Ni nyimbo za mapenzi, ndoto, upweke na kungoja. Ukichukua ile mizani yetu ya fani na maudhui, tuliyoizoea tangu kidato cha tano, ukaanza kuorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, utajaza ukurasa kuhusu watunzi wa New York wa miaka ya 1930 na 1940, na juu ya Sathima utabaki na karatasi nyeupe. Mwenzangu wa semina alifanya hivyo hasa. Alitafuta maneno ya Sathima, hakuyaona, akaamua kwamba Sathima hayupo.

Hapa yafaa tujihoji sisi wenyewe kabla ya kumlaumu yeye. Tunafundishwa kwamba fasihi simulizi ni utendaji. Kwamba fanani, hadhira, mahali na tukio ndivyo vinavyoifanya kazi iwe kazi. Tunayaandika hayo kwenye mtihani na tunapata alama. Lakini tukikutana na utendaji wenyewe tunaukimbilia mwandiko.

Na huku tulipo hatuna kisingizio. Nani katika milima hii hajui habari ya Mbega? Mwindaji kutoka Ngulu, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamnyima urithi wakamkana, akapanda Usambara akiwinda nguruwe, akawagawia watu nyama, mwisho wakamfanya mfalme pale Vuga. Abdallah bin Hemedi aliiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Steven Feierman aliikusanya kwa wazee mbalimbali na kuichambua katika The Shambaa Kingdom (1974). Kisa ni kile kile. Hata hivyo, mzee mmoja akikusimulia, anakaa sana kwenye nyama na watu wanavyokula. Mwingine nyama anaipita mbio, anakaa kwenye kile kitendo cha kukanwa na ndugu, na pale anapunguza sauti. Je, wa pili ni kasuku wa wa kwanza? Hakuna mwanafunzi wa hapa atakayethubutu kusema hivyo mbele ya babu yake. Mwenye kisa hajulikani, lakini mwenye kusimulia tunamjua kwa jina na kwa kigoda chake.

Nyimbo hizi 12, katika ulimwengu wa jazi, zina hali kama ya kisa cha Mbega. Kila mwimbaji anazipitia. Msikilizaji haendi kusikia itakuwaje, maana anajua itakuwaje. Anakwenda kusikia huyu atapunguza sauti wapi.

Neno lenyewe jazi nalo linatudanganya, hasa sisi tuliokulia mkoa wa Tanga. Kwetu jazi ni Atomic Jazz Band, ni Jamhuri Jazz Band: magitaa yanayojibizana, tarumbeta au saksafoni, mwimbaji anatoa ujumbe wake, halafu anakaa pembeni magitaa yapate kuchemka na watu wanyanyuke. Piano haimo. Mwenzangu wa chumbani, niliyemsikilizisha wimbo wa kwanza, Darn That Dream, alingoja kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa chemko liko wapi?" Nilimwambia hakuna. Akauliza kama nyimbo zote ni hivyo. Nikamwambia karibu zote. Akavuta blanketi.

Alikuwa na haki kiasi, na nitalirudia jambo hilo. Kwanza niseme juu ya piano.

Sisi tunaijua familia ya piano kupitia kanisani. Walutheri wa Misheni ya Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na tangu hapo hadi leo kinanda katika milima hii kina kazi maalumu, nayo ni kuongoza. Mpiga kinanda anatoa sauti, watu wanaipokea. Anafungua ubeti, watu wanaingia. Ukichelewa, umechelewa wewe, kinanda hakikungoji. Nimeimba kwaya, najua jicho la mpiga kinanda lilivyo unapoivuta noti kupita kipimo. Kwa hiyo niliposoma kwamba Ellington mwenyewe amekaa kwenye piano katika wimbo wa Solitude, ambao ni wake tangu mwaka 1934, nilitegemea kusikia hilo jicho. Mtunzi yupo, ala iko chini ya vidole vyake, studio ni kwa hisani yake, na mwimbaji ni msichana wa miaka 26 asiyejulikana, mkimbizi. Nani angemlaumu akishika usukani?

Hashiki. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia kuliko istilahi nyingi za vitabuni, kwa sababu sisi husema mwimbaji anasindikizwa. Na kusindikiza tunakujua. Mgeni akiaga unatoka naye, unamfikisha njia panda. Humtangulii, maana ungekuwa unamwonyesha njia au unamfukuza. Humwachi nyuma. Mwendo ni wake. Akisimama kuzungumza, unasimama. Ellington katika Solitude anasimama. Sathima anaimba polepole mno, anaziachia sentensi zifike nyuma kidogo ya pale sikio lilipozitazamia, na katika ule uwazi piano inaweka sauti chache tu, kama mtu anayeitikia "naam" ili msimulizi aendelee. Mtu aliyeutunga wimbo miaka 29 kabla ya siku hiyo anausikiliza kana kwamba anaelezwa habari mpya.

Nimeurudia wimbo huu mara nyingi kuliko mingine yote. Upweke wa mtunzi, nionavyo mimi, ni upweke wa mtu aliyeachwa, aliyekaa kitini anakumbuka. Maneno yanasema hivyo. Sauti ya Sathima haikai kitini. Ni sauti nyepesi, safi, isiyolia; hatii machozi mahali ambapo waimbaji wengi wangetia. Inanijia kama sauti ya mtu aliyezoea kuwa peke yake katika chumba kilichojaa watu, wageni, wanaozungumza lugha nyingine. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani amebaki peke yake, na kwa nini. Na kama hiyo si kazi ya msanii, sijui kazi ya msanii ni ipi.

Dollar Brand, ambaye anapiga katika nyimbo nyingi zaidi, anasindikiza kwa namna nyingine. Huyu ni mtu wa nyumbani kwake Sathima, wangekuja kuoana mwaka 1965. Ellington anamsindikiza kama mwenyeji mwenye adabu anavyomsindikiza mgeni; Brand anakwenda naye kama watu wawili wanaorudi nyumba moja, mmoja akikaa kimya mwingine anajua amekaa kimya kwa sababu gani. Strayhorn ndiye wa tatu. Katika Your Love Has Faded, ambao una mkono wake, anapiga kwa utulivu ambao karibu uniudhi, hadi nilipogundua kwamba anaacha nafasi ambayo mimi, kwa pupa yangu, nilitaka ijazwe.

Ipo pia fidla ya Svend Asmussen, Mdenishi, ambaye hapigi kwa upinde bali anadonoa nyuzi kwa vidole. Wazo zuri. Fidla ya upinde ingeshindana na sauti ya mwimbaji kwa kuvuta, hii ya kudonoa inabaki kando. Lakini sitaficha: mara kadhaa ananichosha. Anadonoa pale ambapo piano imekwisha kujibu na jibu limetosha. Kama katika ngano mtu mmoja angeitikia na jirani yake akaitikia tena nusu sekunde baadaye, msimulizi angemgeukia.

Na mwenzangu wa chumbani? Hoja yake ni ya kweli kwa kiasi. Albamu nzima inakwenda kwa mwendo wa kupanda mlima. Katika nyimbo 12, tofauti ya kasi ni ndogo mno, na ukisikiliza kwa mfululizo, kufikia wimbo wa saba au wa nane sikio linalala hata kama moyo hautaki. I Could Write a Book ulikuwa wimbo wa mchezo wa jukwaani, wenye ucheshi ndani yake. Hapa ucheshi ule siuoni. Sathima hakuwa, angalau siku ile, mwimbaji wa kuchekesha. Sidhani kwamba ni kosa la kuivunja kazi, lakini mhakiki anayempenda msanii wake akanyamaza juu ya hilo atakuwa anampamba, na mambo ya kupamba tuwaachie wauza kanda.

Turudi kwa kasuku. Shutuma ya kuiga tunayo katika fasihi yetu siku nyingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 waliinuka watu kudai kwamba mashairi yale si mashairi, hayana vina wala mizani, ni mtindo wa Wazungu uliovishwa kanzu. Leo Kichomi kinasomwa mashuleni, na hakuna anayeulizia tena hati ya kuzaliwa ya mtindo wake. Kwa upande mwingine wapo watakaonitolea Wimbo wa Lawino, alioutafsiri Paul Sozigwa kutoka kwa Okot p'Bitek, na kunikumbusha jinsi Lawino anavyomcheka mumewe kwa kucheza dansi za kigeni. Naam, anamcheka, na nacheka naye. Lakini anamcheka kwa kuwa Ocol anadharau mama yake, nyumba yake na lugha yake. Kujifunza peke yake si kosa la Ocol. Kosa lake ni kuona haya.

Sathima aliona haya juu ya nini? Tuitazame historia kwa macho ya kimaada kidogo, kama walimu wetu wanavyotusisitizia. Siasa ya makaburu haikuwakataza watu weusi na machotara kuwa na utamaduni wao. La, iliwalazimisha wawe nao! Kila kabila kwenye eneo lake, kila lugha kwenye idhaa yake ya redio, kila mtu abaki katika ngoma aliyopangiwa na ofisi. Msichana wa Cape Town anayezijua nyimbo za Gershwin kutoka kwenye filamu na santuri, anayesimama jukwaani na watu wa rangi mbalimbali na kuziimba kama mwenye haki nazo, alikuwa anakataa kukaa kwenye sanduku aliloandikiwa jina. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Mwafrika halisi ni yule anayeimba vya kabila lake pekee, na kwamba vingine ni ukasuku, serikali ile ingempigia makofi. Namwambia hivi mwenzangu kwa upendo, na naamini atanijibu katika toleo lijalo.

Uko wimbo mmoja ambao unanishawishi kuliko hoja hizi zote. Ni Spring Will Be a Little Late This Year, wa Loesser, uliotoka kwenye filamu ya mwaka 1944. Jina lake linasema kwamba majira ya kuchipua mwaka huu yatachelewa kidogo. Katika asili yake ni jambo la mapenzi: mpenzi ameondoka, basi na maua yatakawia. Sasa mweke mwimbaji huyu, mwaka huu, mwezi huu. Ni Februari, Paris ni baridi. Kwao Cape Town ni kiangazi lakini kwao hakurudiki kirahisi. Sharpeville haijatimiza miaka mitatu. Anaimba kwamba majira yatachelewa kidogo, na anaimba bila kulalamika, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekuomba radhi kwa niaba ya hali ya hewa. Sina ushahidi wowote kwamba alikusudia siasa hapa, na sitaki kumsingizia. Nasema kwamba msikilizaji anayeijua historia hawezi kuutenga wimbo na koo unamotoka. Neno lile "kidogo", sisi tunaosikiliza leo tunajua lilikuwa na urefu wa miaka mingapi.

Limebaki jambo la kanda iliyopotea, na hili linaniuma kwa namna ya pekee. Wapo wanaosema haikutolewa kwa kuwa haikuonekana kuwa na soko. Yawezekana, soko ni soko. Lakini angalia mpangilio wake: wanaume watatu aliowaombea nafasi walitolewa mwaka 1964, yeye aliyeomba akawekwa kabatini. Na hata ilipotoka, habari nyingi zilizoandikwa zinaanza na Ellington, zinaendelea na Strayhorn, zinamgusa Brand, ndipo zinafika kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyewasindikiza wao. Hata mimi, ukirudi juu, utaona nimetumia aya ndefu kwa ajili ya Ellington. Ugonjwa huu unaambukiza.

Linganisha na Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay na wapigaji wake, wanaume, akaimba mbele ya mitambo ya HMV, na santuri zikarudi zikauzwa pwani nzima. Naye pia alitoka kwake kwenda kurekodiwa ng'ambo, naye pia alizungukwa na ala za wanaume. Lakini hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuuliza nyimbo zile ni za nani. Zilikuwa za Siti, ingawa tunajua utunzi ulikuwa wa kushirikiana. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alipoandika wasifu hakuwaandikia wapiga udi. Aliuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Wasikilizaji wa Kiswahili, kabla ya nadharia yoyote ya utendaji kutufikia vyuoni, walishajua mwenye wimbo ni nani. Sisi tuliosoma ndio tumesahau.

Sathima hakukaa kimya. Mwaka 1976 ilitoka African Songbird, na humo hakuna Gershwin. Nyimbo ni zake, ule wa kwanza unaitwa Africa. Mwaka 1979, akiwa New York, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Ekapa, na kazi ya kwanza aliyoitoa ni Sathima Sings Ellington. Safari hii kanda ilikuwa mikononi mwake. Carol Muller aliandika kitabu pamoja naye, Musical Echoes (2011). Alirudi kwao, akafariki Cape Town Agosti 2013.

Albamu ya Paris inafungwa na A Nightingale Sang in Berkeley Square, na hapa Strayhorn ndiye yuko kwenye piano. Ni wimbo wa London, uliopendwa mwaka 1940 mabomu yalipokuwa yakianguka. Ndege anaimba katikati ya mji ambako ndege wa aina hiyo si wa kutarajiwa. Strayhorn anapiga kwa mkono mwepesi. Asmussen, namshukuru, hapa hadonoi sana. Sathima anaufikia ule mstari wa ndege bila kupandisha sauti, anaupita, na piano inabaki nyuma hatua moja, kama mtu aliyefika njia panda akasimama kumtazama mgeni wake anavyotokomea.